Akiba haiozi, ila hii: historia fupi ya marejeo katika Java, hadi Eldoret

Naandika kutoka Timau, huku kaskazini mwa Mlima Kenya, kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, ambako watu wanajua ngano na maua kuliko wanavyojua Java. Leo tuziache simu mpya kando kidogo tuangalie jambo la zamani ambalo bado linawasumbua waandishi wa programu: kuhifadhi marejeo ya vijenzi katika programu kubwa za wavuti.

Najua jina lenyewe linatisha. Tuanze polepole.

Programu kubwa haiandikwi kama kitu kimoja. Inagawanywa katika vijenzi: hiki kinashughulikia akaunti, kile kinashughulikia wateja, kingine kinachapisha ripoti. Ukurasa wa wavuti ukitaka salio la mteja, lazima kwanza ukipate kijenzi cha akaunti. Kinachopatikana si kijenzi chenyewe, ni rejeo, yaani njia ya kukifikia, kama namba ya simu ya mtu. Swali ni hili: ukishaipata namba hiyo, uiandike uitumie tena na tena, au uiulize upya kila mara? Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa pesa sawa. Lakini rejeo lililowekwa akiba huoza, na mara nyingi huoza kimya kimya. Historia ninayotaka kuwasimulia ni ya watu waliojaribu kuamua nani awe na jukumu la kujua kwamba limeoza.

Turudi mwisho wa miaka ya 1990. Kampuni ya Sun Microsystems ilitoa toleo la kwanza la Enterprise JavaBeans, kwa kifupi EJB, mwaka 1998, na Desemba 1999 ikatoa J2EE 1.2, mkusanyiko wa kanuni za kujengea programu za mabenki, mashirika ya ndege na kampuni za simu. Wazo lilikuwa kwamba vijenzi vinaweza kukaa kwenye seva moja na kurasa za wavuti kwenye seva nyingine. Zinafikiana kupitia mtandao, na mwandishi wa programu hajali sana nani yuko wapi.

Zitafikianaje? Hapo ndipo ilipoingia JNDI, ambayo unaweza kuifikiria kama daftari la majina. Kijenzi kinaandikishwa kwa jina, na anayekihitaji anakwenda kuuliza kwa jina hilo.

Chukulia wewe ni mgeni umeshuka matatu hapa Timau na unatafuta fundi fulani. Kwanza unafika steji. Pili unawauliza watu wa bodaboda: fundi wa pampu za maji yuko wapi? Wanakuelekeza. Tatu, ukifika unahakikisha kwamba kweli ni kwa fundi wa pampu wala si kwa fundi wa redio. Nne, unabisha hodi, na ndani unapewa mtu wa kukuhudumia. EJB ya zamani ilikuwa hivyo hivyo kabisa. Unaunda InitialContext, hiyo ndiyo steji. Unaita lookup kwa jina. Unapita katika PortableRemoteObject.narrow ili kuhakikisha aina. Halafu unaita create. Na kile ulichokipata katika hatua ya tatu, kabla ya kubisha hodi, waliokibuni walikiita Home, yaani nyumbani. Sikutunga mimi mfano huo, uko ndani ya jina lenyewe.

Ubaya ni kwamba programu ilifanya safari hiyo yote kwa kila ombi. Mtumiaji akibofya mara moja, ukurasa mmoja unaweza kuhitaji vijenzi vinne au vitano, na kila kimoja kinaulizwa upya. Kama daftari la majina liko kwenye seva nyingine, kila swali ni safari ya kwenda na kurudi kwenye mtandao. Ndani ya jengo moja safari hiyo ni fupi. Lakini huku kwetu Afrika Mashariki, kabla nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika mwaka 2009, data ya kwenda ng'ambo ilipanda hadi satelaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta na kushuka tena. Swali na jibu kwa njia hiyo lilichukua zaidi ya nusu sekunde. Maswali matano ni karibu sekunde tatu, na kazi yenyewe haijaanza.

Basi watu wakafanya alichofanya kila mwenyeji wa Timau: ukishaijua njia ya kwa fundi, huulizi tena steji. Mwaka 2001 Deepak Alur, John Crupi na Dan Malks, waliokuwa Sun, walitoa kitabu cha Core J2EE Patterns, na miongoni mwa mitindo waliyoieleza ni Service Locator, yaani mtafuta huduma. Ni darasa moja tu katika programu nzima linalojua kuuliza kwa JNDI. Likiulizwa mara ya kwanza, linakwenda. Likipata Home, linaiweka katika jedwali pamoja na jina lake. Likiulizwa mara ya pili, linafungua jedwali na kujibu papo hapo. Floyd Marinescu naye, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu mitindo ya EJB, alieleza karibu jambo hilo hilo kwa jina la EJBHomeFactory.

Mtindo ukaenea haraka. Hata Pet Store, programu ya mfano ambayo Sun waliitumia kufundishia J2EE, ilikuwa na Service Locator yake. Ndiyo maana ukirithi mfumo wowote wa Java ulioandikwa miaka hiyo, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, kuna uwezekano mkubwa utakutana na darasa lenye jina hilo.

Lakini akiba ile ilikuwa na magonjwa matatu.

La kwanza ni kuhama. Fundi amehamia Nanyuki, wewe bado unakwenda duka lake la zamani. Seva ya vijenzi ikizimwa na kuwashwa upya, rejeo lililokuwa kwenye jedwali la upande wa wavuti linaweza kuwa linaelekeza mahali ambapo hapana mtu. Kila ombi linarudi na kosa. Na kwa kuwa darasa limefundishwa kuamini jedwali lake, litaendelea kutoa anwani ile ile mbovu hadi nalo lizimwe. Niliwahi kuutunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo ulioandikwa enzi hizo. Ukutani katika chumba cha seva kulikuwa na karatasi: ukiwasha upya seva ya kwanza, washa na ya pili. Hakuna aliyekumbuka sababu. Stima ikipotea usiku na ikarudi, asubuhi wanachama walipanga foleni dirishani bila kuhudumiwa hadi aje mtu aliyeisoma ile karatasi. Sababu ilikuwa ndani ya Service Locator: iliweka, lakini haikuwa na hata mstari mmoja wa kufuta. Dawa yake si ngumu. Rejeo likileta kosa la mawasiliano, litupe, uliza upya mara moja, ujaribu tena. Ikishindikana tena, hapo ndipo useme imeshindikana.

Ugonjwa wa pili ni wa nyuzi. Seva ya wavuti huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu na uzi wake. Nyuzi mbili zikifika kwenye jedwali tupu kwa pamoja, itakuwaje? Waandishi wengi walitumia ujanja wa kukagua mara mbili: angalia kama kipo, funga mlango, angalia tena, kisha unda. Ulionekana salama kabisa, kumbe haukuwa. Kanuni za kumbukumbu za Java za wakati ule ziliruhusu uzi mmoja kukiona kitu kabla hakijakamilika kuundwa. Jambo hili lilirekebishwa katika Java 5, iliyotoka Septemba 2004, na hata hapo ilibidi uandike neno volatile mahali panapofaa. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mafunzo mengi yaliwapa watu mfano uliokuwa na kasoro, kasoro inayojitokeza mara chache sana na kwa kawaida siku yenye watu wengi.

Ugonjwa wa tatu ndio mbaya kuliko yote: kuweka kitu kisichofaa kuwekwa. Home ilikuwa ya wote, kwa hiyo kuiweka kulikuwa halali. Lakini nyuma ya ile hodi, baadhi ya vijenzi vilikuwa vya mtu mmoja, vikikumbuka mazungumzo yake hatua kwa hatua: bidhaa alizochagua, hesabu aliyofikia. Ukiweka rejeo la kijenzi cha namna hiyo katika jedwali la wote, mteja wa pili atajikuta ndani ya mazungumzo ya mteja wa kwanza. Hapo si suala la mwendo tena, ni suala la siri za watu.

Sasa tutazame miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2004, kwa sababu mambo mawili yalitokea ulimwenguni, na la tatu likatokea hapa Kenya.

Januari, Martin Fowler alichapisha makala ndefu iliyolinganisha Service Locator na njia nyingine aliyoiita Dependency Injection. Kwa Kiswahili cha kawaida: kijenzi kisiende kutafuta, kiletewe. Machi, Spring 1.0 ilitoka. Ni mfumo wa programu huria uliokua kutokana na kitabu cha Rod Johnson cha mwaka 2002, na ulifanya kazi hiyo hiyo ya kuleta. Badala ya kila darasa kushika daftari, kuna mwenye nyumba mmoja anayewasha vijenzi vyote programu inapoanza na kumkabidhi kila mmoja anachohitaji.

Na Februari, madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikuja Eldoret. Huko Moi University na hospitali ya rufaa ya Moi zilikuwa zikishirikiana na Indiana University katika mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Kumbukumbu za kompyuta hazikuwa ngeni pale. Tangu 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilikuwa na mfumo uliojengwa kwa Microsoft Access, miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara. Lakini wagonjwa walikuwa wakiongezeka kwa maelfu na vituo vikiongezeka, na Access haikuundwa kwa mzigo huo. Kutokana na ziara ile ulizaliwa OpenMRS, mfumo wa programu huria wa rekodi za wagonjwa, kwa Java, Spring na Hibernate, data ikikaa kwenye MySQL. Ulianza kutumika Kenya mwanzoni mwa 2006, na baadaye mwaka huo huo Rwanda. KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake, na kadhalika UgandaEMR kwa majirani zetu.

Sasa tuufungue mfumo huu tuone wenyewe walijibuje swali letu. Jambo la kwanza: hawakutumia EJB za mbali. Kurasa na huduma zote zinakaa ndani ya programu moja, kwenye seva moja inayoweza kuwekwa kituoni penyewe. Kwa hiyo kumpata mhudumu si safari ya mtandao tena. Nadhani hili ndilo somo kubwa kuliko yote, na Fowler alikuwa amelisema mwaka 2002: kanuni ya kwanza ya kusambaza vijenzi kwenye mashine mbalimbali ni kutovisambaza. Watu walihangaika miaka mingi kuharakisha maswali ambayo hayakuhitaji kuulizwa.

Jambo la pili litawashangaza waliosoma kwamba Service Locator imepitwa na wakati. Ndani ya OpenMRS, mwandishi akitaka huduma ya wagonjwa anaandika Context.getPatientService(). Nyuma ya amri hiyo kuna darasa liitwalo ServiceContext, lenye jedwali la huduma zote. Ni mtafuta huduma yule yule wa 2001! Tofauti ni kwamba huyu hatafuti. Spring ndiyo inayolijaza jedwali programu inapoanza, na mwandishi anauliza kila anapohitaji. Kuuliza kumekuwa rahisi kiasi kwamba huna sababu ya kubaki na jibu mfukoni.

Na kubaki nalo kuna hatari. OpenMRS inaongezewa uwezo kwa moduli. Msimamizi anaweza kupakia moduli mpya, tuseme ya ripoti, na kuiwasha mfumo ukiendelea kufanya kazi bila kuzima seva. Hilo ni jambo kubwa kwa kituo chenye seva moja na wagonjwa wakiwa kwenye benchi. Lakini moduli ikiwashwa, Spring inajengwa upya, na huduma za zamani zinabadilishwa na mpya. Aliyeweka rejeo la zamani katika kigezo cha static atakuwa ameshika mkono wa aliyestaafu. Ndiyo maana ServiceContext ina utaratibu wa kusema: tunajenga upya, subirini. Uzi unaouliza huduma wakati huo hausukumwi nje kwa kosa wala haupewi ya zamani, unangoja hadi ujenzi uishe, kisha unapewa ya sasa. Linganisha na ile karatasi ya ukutani. Hapa jukumu la kujua kwamba kitu kimehama liko kwa yule anayekihamisha, wala si kwa mlinzi wa zamu ya usiku.

Jambo la tatu linahusu ule ugonjwa wa siri za watu. OpenMRS inatenganisha vitu viwili. ServiceContext ni ya wote, moja kwa programu nzima. UserContext, yenye taarifa za nani ameingia na ana ruhusa gani, inafungwa kwa kila uzi peke yake. Na huduma unayopewa haiji uchi, imezungukwa na mlinzi anayekagua ruhusa kila unapoita. Kwa hiyo huduma moja inaweza kushirikiwa na daktari, nesi na karani kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaona anachoruhusiwa tu. Kinachowekwa ni kile cha wote. Cha mtu binafsi kinaulizwa kwa wakati wake. Kwa wagonjwa wa kliniki ya UKIMWI hiyo si nadharia ya darasani, kwa maana jina likionekana mahali pasipofaa, mtu anaweza kupoteza ndoa au kazi.

Java yenyewe haikusimama. Mei 2006 Java EE 5 ilileta EJB 3.0, na safari ile ndefu ya steji ikawa alama moja, @EJB, juu ya kigezo, seva ikikuletea rejeo. Lakini ugonjwa wa tatu haukufa: ukiomba kwa alama hiyo kijenzi cha mtu mmoja ndani ya servlet, ambayo ni ya nyuzi zote, umerudi pale pale. Spring 2.0 mwaka huo huo, na CDI katika Java EE 6 ya Desemba 2009, zilitoa jibu jingine: unachopewa na kukiweka ni mjumbe tu. Kila unapomwita, mjumbe anakwenda mwenyewe kumtafuta mhusika halisi wa ombi lile. Unaweza kumweka mjumbe hata mwaka mzima, kwani hana kitu cha kuoza. Tangu 2018 jukwaa hili linaitwa Jakarta EE, chini ya Eclipse Foundation, na wajumbe bado wapo.

Na lile daftari la majina, JNDI? Vijana wengi wa umri wangu walilisikia kwa mara ya kwanza Desemba 2021, kwa habari mbaya. Ilibainika kwamba Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio iliyomo katika programu nyingi mno za Java, ilikuwa tayari kwenda kuuliza JNDI kwa jina lolote lililotokea ndani ya ujumbe, hata ujumbe uliotumwa na mgeni. Mshambuliaji alituma jina linaloelekeza kwenye seva yake, na programu ikaenda huko na kuleta msimbo wake. Tatizo hilo lilipewa jina la Log4Shell, na mafundi wengi walikesha siku zile wakirekebisha mifumo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini ni ujinga kuuliza njia kwa mtu yeyote anayekusimamisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta kigezo kinachoshikilia rejeo la kijenzi, katika Java au lugha nyingine yoyote, kiulize maswali matatu. Nani atakuambia kikihama? Ni cha wote au cha mtu mmoja? Na je, kuuliza upya kuna gharama ya kweli, au tunaogopa gharama iliyokuwepo mwaka 2001? Mara nyingi nimekuta jibu la swali la tatu ni kwamba gharama ilishakwisha zamani, imebaki akiba tu, na iliyokwishaoza.

OpenMRS ni programu huria. Usiniamini mimi, pakua msimbo wake, ufungue darasa la ServiceContext, ulisome taratibu kwa kikombe cha chai. Ni msimbo ambao hitaji lake lilianzia Eldoret na Mosoriot, na unafundisha mambo ambayo vitabu vingi vya J2EE vilichukua kurasa mia kuyaeleza.

Tukutane tena panapo majaliwa.